Mabawa tumeyaona, sasa tuonyesheni tangi

Kila baada ya miezi michache huzuka video ya aina moja kwenye simu zetu. Kijana amejijengea ndege kwa vyuma chakavu, turubai na injini aliyoitoa kwenye pikipiki au gari kuukuu. Uwanja umejaa watu. Injini inanguruma, vumbi linatimka, watoto wanapiga mayowe. Mara nyingi ndege yenyewe haitoki ardhini. Halafu sisi wa mitandaoni tunagawanyika pande mbili. Kuna wanaocheka, na kuna wanaolia kwamba serikali imeshindwa kumpeleka huyu jiniasi ng'ambo akasome.

Mimi siko upande wowote kati ya hizo mbili. Nikipata video kama hiyo huwa naisimamisha na kutafuta kitu kimoja tu: mafuta yako wapi? Mara nyingi ni mtungi wa plastiki uliofungwa kwa waya nyuma ya kiti, na kutoka hapo mpira wa kawaida unaingia kwenye kabureta. Hakuna aliyeuliza. Mwanahabari aliuliza injini ni ya gari gani. Mwanasiasa aliuliza kijana anahitaji pesa ngapi. Lile tangi, ambalo ndilo linaloweza kumchoma yule kijana akiwa hai, limepita kwenye kamera bila kuguswa.

Ndiyo maana nasema tunawapima hawa wabunifu kwa kipimo kibovu. Bawa unaweza kulikata Jumamosi moja na likapendeza pichani. Tangi la mafuta na jinsi lilivyozibwa ni kazi ya wiki kadhaa. Haipendezi, inanuka, na ikishaisha hakuna anayeiona tena. Kijana aliyeifanya vizuri tumchukue kuwa mjenzi wa ndege hata kama bado hajaruka. Aliyeiruka kazi hiyo, tusimshangilie kabla hajairudia.

Kama umewahi kupanda boda, tayari unajua nusu ya somo hili. Kuna zile siku pikipiki inazima katikati ya barabara ilhali mafuta yapo. Jamaa anashuka, anafungua kifuniko cha tangi, unasikia 'fsss', anafunga, anapiga kiki, safari inaendelea. Kilichotokea ni kwamba katundu kadogo ka hewa kwenye kifuniko kamezibwa na vumbi. Mafuta yakishuka na hewa isiingie kujaza nafasi, tangi linaanza kuyavuta nyuma, na kabureta inakaa na njaa. Barabarani unapoteza dakika mbili. Ukiwa mita 100 juu ya paa za watu huna pa kushukia kufungua kifuniko. Marubani wa ndege ndogo hulikagua tundu hilo kila kabla ya safari, kwa sababu nyigu wa udongo hulipenda sana. Mdudu mmoja na tope lake anatosha kuangusha ndege nzima.

Na usidhani haya ni matatizo ya watu maskini wasio na vifaa. Wapenzi wa muziki wa kantri, na huku kwetu mko wengi, mnamkumbuka John Denver. Alikufa Oktoba 12, 1997, akiendesha ndege ya aina ya Long-EZ iliyoanguka kwenye ghuba ya Monterey, California. Hiyo ilikuwa ndege ya kujijengea. Ramani yake ilichorwa na Burt Rutan, mmoja wa wabunifu wakubwa kabisa wa ndege, lakini mtu mwingine ndiye aliyeijenga, na Denver akainunua ikiwa imeshatumika.

Katika ramani ya Rutan, vali ya kuchagua tangi la kulia au la kushoto inakaa mbele ya rubani, kati ya miguu. Aliyeijenga hakupenda mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani, akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Ukilifikiria, ni wazo lenye mantiki. Nani anataka petroli mapajani? Ila sasa, ili rubani aifikie, ilimbidi aachie usukani, ageuze mwili na kunyoosha mkono nyuma. Vali yenyewe haikuwa na alama. Vioo vya kuonyesha kiasi cha mafuta vilikuwa nyuma na havikuwa na alama pia. Siku ile, kabla ya kuruka, fundi mmoja uwanjani alimpa Denver kioo kidogo cha kumsaidia kuviona. Walijaribu hata kubana koleo kwenye mkono wa vali ili uwe mrefu zaidi, ikashindikana. Alipoulizwa kama aongezewe mafuta alisema hapana, hatakaa sana angani. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilihitimisha kwamba alipokuwa akihangaika kuigeuza vali hiyo aliukanyaga mguu wa kulia bila kukusudia, na ndege ikamtoka mkononi.

Injini ilikuwa nzima. Mabawa yalikuwa mazima. Kilichomuua mtu tajiri, mwenye ujuzi wa miaka mingi wa kurusha ndege, kilikuwa mahali pa kuweka vali moja.

Sasa tuje kwenye tangi lenyewe, maana hapa ndipo vijana wetu wanapokosea bila kuambiwa.

Tuanze na plastiki, kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Wengi watakwambia mtungi wa plastiki ni ushamba. Si kweli. Ndege nyingi nyepesi za Marekani na Ulaya zina matangi ya plastiki kiwandani, ya polithini nzito iliyofinyangwa kipande kimoja bila maungio. Haishiki kutu na inavumilia mtikisiko. Shida haiko kwenye ukuta wa mtungi. Iko kwenye shimo ulilolitoboa wewe. Mtungi wa mafuta ya kupikia haukutengenezwa uwekewe bomba chini. Ukishatoboa, plastiki ile ni laini na ya kuteleza, haikubali gundi karibu yoyote. Ukikaza nati sana inabonyea, ukiilegeza inavuja. Na injini ya pikipiki inatikisa hiyo nati mara maelfu kwa dakika. Kanuni ambayo ningependa kila fundi chipukizi aiandike ukutani ni kwamba tangi halivuji pale lilipo zima, linavuja pale ulipoligusa.

Kuna na suala la umeme tuli. Petroli ikimiminwa kwenye plastiki huzalisha chaji, na plastiki haiwezi kuipeleka popote. Cheche moja pale mdomoni inatosha. Ndiyo maana kwenye vituo vya mafuta unaambiwa mtungi uweke chini kabla ya kujaza, ingawa wengi tunaona ni maringo ya wahudumu.

Bati la mabati? Ni zito, na lile koti la zinki likikaa na maji kidogo ndani ya tangi hutoa unga mweupe. Unga huo haukai pale ulipozaliwa. Unashuka na mafuta hadi kwenye chujio, kisha kwenye vile vitundu vya kabureta vilivyo vyembamba kuliko sindano ya kushonea.

Alumini ndiyo mfalme, lakini si alumini yoyote. Msee wa vyuma chakavu atakuuzia karatasi ya alumini bila kujua ni ya kundi gani. Ile ya namba 5052 huchomelewa vizuri na hupindwa bila kupasuka. Ile ya 2024, inayotumika sana kwenye ngozi za ndege kwa sababu ni ngumu, haipendi kuchomelewa kabisa, inapasuka kando ya mshono. Na kuchomelea alumini kunahitaji mashine yenye gesi ya agoni na mkono uliozoea. Ile mashine ya vijiti ya kutengenezea mageti haiwezi kazi hiyo. Hata ukichomelea vizuri, ukilifunga tangi kwa boliti ngumu moja kwa moja kwenye fremu, mtikisiko utalipasua pale pale kwenye kona za mshono. Linatakiwa lilale juu ya kipande cha mpira au sufi nzito na lifungwe kwa mikanda, kama mtoto mgongoni.

Na tukiwa hapo, wacha niseme jambo moja ambalo halihusu ndege pekee. Tangi lililowahi kuwa na petroli usilipeleke kwa fundi wa weldi kabla halijasafishwa kabisa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Mafundi wetu wa jua kali wanalijua hili, lakini wateja wanawaharakisha.

Njia nyingine ya alumini ni kutochomelea kabisa. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, huuza vifurushi vya ndege za RV ambazo mnunuzi anajijengea gereji kwake. Zaidi ya ndege 11,000 za namna hiyo zimekamilika na kuruka duniani. Tangi la RV ni sehemu ya mbele ya bawa lenyewe, vipande vya alumini vilivyoshikanishwa kwa mamia ya ribiti. Sasa fikiria: mamia ya ribiti ni mamia ya mashimo. Ni kichujio hicho, si tangi! Kinachokigeuza kuwa tangi ni gundi.

Gundi hiyo ni ya jamii ya polisalfaidi. Ina sehemu mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, unazichanganya kwa uzani, 10 kwa 1, kwenye mizani ndogo, si kwa kukadiria na kijiko. Ikishachanganywa una muda wa saa moja au mbili kabla haijaanza kugoma, na joto likipanda muda unapungua. Inanuka kama yai viza. Ikigusa nguo, hiyo nguo umeiaga. Kila ungio linasuguliwa kwanza mpaka mng'ao uishe, linapanguswa kwa asetoni, na baada ya hapo hakuna kidole kitupu kinachoruhusiwa kuligusa, kwa sababu mafuta ya ngozi yako yanatosha kuifanya gundi isishike. Kila kichwa cha ribiti kwa ndani kinavalishwa kofia yake ya gundi. Wajenzi wa RV ulimwenguni kote hulalamikia hatua hii kuliko nyingine yoyote. Wako wanaolipa mtu awafanyie.

Mbona nimekaa sana hapa? Kwa sababu huku kwetu, nikiwaambia vijana kwamba ungio linavuja, jibu la kwanza ni 'piga silikoni'. Ile ya madirisha na sinki. Wacheni. Silikoni ya kawaida ikikaa ndani ya petroli inafura, inakuwa kama ugali uliolala kwenye maji, inabanduka vipande. Kwa nje utaona pamezibika na utafurahi. Kwa ndani vipande vinaelea kuelekea kwenye bomba. Ile tepu nyeupe ya fundi wa mabomba nayo ni hivyo hivyo: uzi mmoja ukichomoza kwenye nyuzi za nati, unakatika na kusafiri. Kinachozuia tone moja kudondoka nje ndicho kinachokuja kuzuia mafuta yote kufika kwenye injini. Afadhali tone unaloliona.

Hata wakubwa walipigwa hapo. Zamani wajenzi wengi walikuwa wakimimina ndani ya tangi rangi fulani ya kuziba, wanalitikisa ili ienee kila pembe, kisha wanamwaga iliyobaki. Ilionekana njia ya mkato nzuri sana. Baada ya miaka, hasa palipotumika petroli ya magari yenye alikoholi, ngozi hiyo ilianza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu na kuziba vichujio. Leo ushauri wa kawaida kwa mjenzi ni asiitumie.

Halafu kuna faibaglasi. Hii naona ndiyo itakayowavutia vijana wa mjini, kwa sababu vifaa vyake vinapatikana kwa wanaounda maboti na bodi za magari. Tangi la faibaglasi laweza kuwa kazi safi sana. Voyager, ndege ya Rutan iliyozunguka dunia bila kutua na bila kuongezwa mafuta kati ya Desemba 14 na 23, 1986, ilikuwa ya nyuzi za kaboni na resini, na ilikuwa na matangi 17. Ilipoondoka California ilikuwa na uzani wa kilo 4,397 hivi, na kilo 3,180 kati ya hizo zilikuwa mafuta. Yaani karibu robo tatu ya ndege ilikuwa petroli. Mabawa yalilemewa hadi ncha zake zikaburura lami wakati wa kuondoka. Dick Rutan na Jeana Yeager walivuka Afrika, wakapita kwenye anga hili letu la Afrika Mashariki, na usiku wa mwisho karibu na pwani ya Mexico injini iliyokuwa ikifanya kazi ikazima kwa kukosa mafuta, ikawabidi wawashe ile ya mbele huku wanaporomoka. Walipotua walikuwa wamebakiwa na mafuta ya kilo 48 hivi. Siku tisa za kupampu kutoka tangi moja hadi jingine, na mtihani wa mwisho ulikuwa huo huo wa bomba la boda.

Kwa faibaglasi swali ni resini. Ile ya polista, inayouzwa bei rahisi, si ya kuamini kwenye petroli kwa muda mrefu. Epoksi nyingi huvumilia petroli safi lakini baadhi yake hulainika zikikutana na ethanoli. Vinailesta ina sifa nzuri zaidi hapo. Na uzi uliokosa resini, hata mmoja, ni mrija: mafuta yanaufuata polepole hadi yatokeze upande wa pili, mahali mbali kabisa na pale yalipoingilia, na utatafuta uvujaji huo hadi uzeeke.

Hapo nimetaja ethanoli, na msomaji anaweza kusema hilo ni tatizo la Wamarekani. Sijui kwa nini tunasahau haraka hivi. Miaka ya 1980 Kenya ilikuwa ikichanganya petroli na ethanoli iliyotengenezwa Muhoroni kutokana na molasi ya miwa, na mjadala wa kuirudisha huibuka kila bei ya mafuta ikipanda. Tena sisi tuna ugonjwa wetu wa ziada. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, sababu kuu ikiwa kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Ushuru huo uliwaumiza akina mama wanaopikia stovu, lakini uwepo wake unakwambia kitu: kilicho kwenye pampu si lazima kiwe kile kilichoandikwa juu yake. Ukijenga tangi, unalijengea mafuta halisi ya kituo unachonunua, si yale ya kwenye kitabu.

Hata mafuta ya ndege yenyewe hayajatulia. Duniani wanajaribu kuondoa risasi kwenye petroli ya ndege ndogo, na ni jambo jema. Septemba 2022 mamlaka ya Marekani, FAA, iliidhinisha petroli mpya isiyo na risasi iitwayo G100UL. Mwaka 2024 kampuni ya Cirrus ikatoa onyo kwa wateja wake kwamba huenda mafuta hayo yanaharibu gundi ya matangi. Waliotengeneza mafuta hayo wakabisha, na ubishi ungali mkali. Ninachokiona mimi ni kwamba kampuni zenye maabara na mawakili zinagombania gundi ya ndani ya tangi, ilhali sisi tunasema kijana wa kwetu 'apewe sapoti' bila hata kujua alizibia nini.

Najua nitakachoambiwa. Kwamba nawavunja moyo. Kwamba ndugu wawili wa Wright hawakuwa na NTSB. Na kwamba hizi ndege haziruki kwa hivyo kelele za nini. Hili la mwisho ndilo linaloniudhi. Petroli haijui kama umeruka. Ndege iliyokwama kwenye nyasi ikiwa na lita 20 juu ya injini ya moto, na watu 300 wamejazana kupiga picha, ni hatari kubwa kuliko iliyo angani peke yake. Na siku moja, mmoja wao ataruka kweli. Vijana hawa si wajinga. Wana subira ambayo wengi wetu hatuna. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia ukweli wa kuchosha.

Huko Marekani, ambako kujijengea ndege ni halali ilimradi umejenga zaidi ya nusu yake mwenyewe, NTSB ilifanya utafiti mzima kuhusu ndege hizi mwaka 2012. Miongoni mwa mapendekezo yake ilikuwa kwamba kabla ya ndege kupewa cheti, mjenzi aonyeshe kwa maandishi kwamba ameufanyia majaribio mfumo wa mafuta. Si mabawa. Mafuta.

Majaribio yenyewe hayahitaji mamilioni. La kwanza ni la uvujaji. Unaziba matundu yote ya tangi, unalifunga puto la watoto kwenye tundu la hewa, unaingiza hewa kidogo hadi puto lisimame, unapaka maji ya sabuni kwenye maungio na kuangalia povu. Ukiliacha hadi kesho na puto limenywea ilhali joto halijabadilika, una kazi. Puto si mapambo. Usitumie kompresa ya kujaza matairi, kwa sababu presha ya psi moja tu kwenye ubao wa alumini wa mita moja mraba ni sawa na kuupandishia uzani wa kilo 700. Puto litapasuka kabla tangi halijapasuka, ndiyo kazi yake.

La pili ni la mtiririko. Inua pua ya ndege hadi pembe kali kabisa utakayopandia, chomoa bomba pale linapoingia kwenye kabureta, acha mafuta yamiminike kwenye chombo na uhesabu. Kama mafuta yanashuka kwa uzito wake bila pampu, yanatakiwa yatoke mara moja na nusu ya yale ambayo injini inakula ikiwa imekazwa mwisho. Injini inayokula lita 20 kwa saa inahitaji mtiririko wa lita 30 kwa saa, yaani chupa ya nusu lita ijae ndani ya dakika moja. Fanya hivyo nje, mbali na moto na simu za watu, na tangi likiwa limebakiza mafuta kidogo, maana hapo ndipo mbivu na mbichi hujulikana.

Sasa nani awafundishe? Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, ina jukumu la kisheria la kuhakikisha hakuna chombo kinachoruka bila idhini, na sitaki ilegeze kamba. Ila kijana wa kijijini hukutana na mamlaka siku ya kukatazwa tu. Chuo chake, East African School of Aviation, kiko Embakasi. Technical University of Kenya inafundisha uhandisi wa ndege hapo katikati ya jiji. Aero Club of East Africa ipo Wilson tangu enzi za ukoloni, ilianzishwa 1927. Watu wanaojua gundi hii inachanganywaje wapo, na baadhi yao wako umbali wa nauli ya matatu. Kinachohitajika ni siku nne kwa mwaka ambapo mjenzi yeyote anaweza kuleta tangi lake pekee, bila ndege, bila kuogopa kuandikiwa kesi, akalijaribu mbele ya mtu anayejua na kuambiwa wapi pabaya. Gharama ni sabuni, puto na muda wa fundi. Mheshimiwa anayependa kupiga picha na wabunifu anunue makopo machache ya polisalfaidi badala ya kumkabidhi kijana hundi ya kadibodi.

Na kuna jambo ambalo vyuo vya kiufundi vya kaunti vinaweza kuanza nalo hata Jumatatu ijayo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Chukua mitungi ya glasi yenye vifuniko vya chuma. Kila mmoja utie kipande cha kitu ambacho fundi angekitumia: faibaglasi ya polista, ya epoksi, ya vinailesta, alumini iliyopakwa polisalfaidi, iliyopakwa silikoni ya dirisha, plastiki ya mtungi wa mafuta ya kupikia. Pima uzani wa kila kipande kwanza na uuandike. Jaza petroli ya kituo cha karibu, na mitungi mingine petroli hiyo hiyo ikiwa imeongezwa ethanoli sehemu moja kwa kumi. Funga, weka kwenye stoo ya nje yenye hewa na kivuli, mbali na karakana ya weldi. Kila wiki mbili toa kipande, kikaushe, kipime tena, kikwaruze kwa ukucha, andika. Baada ya miezi mitatu piga picha za vipande vyote vikiwa vimepangwa mezani na majedwali yake, uzipandishe mtandaoni pale pale ambapo zile video za ndege hupandishwa.